Amejuaje? Mwongozo wa kutenganisha unachokijua wewe na anachokijua mhusika wako kwenye RP

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimefungiwa siku tatu kwa metagemingi, nimekosa nini?" "Rafiki yangu alinitumia ujumbe kuwa polisi wako barabarani, nikageuza gari. Kosa liko wapi?" "Nilimwita kwa jina lake kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa juu ya kichwa chake." Kama nawe umeuliza mojawapo, soma mpaka mwisho kabla hujaingia tena mchezoni.

RP ni kucheza kwa kuigiza: unamchezesha mhusika na kuishi kama yeye mchezoni. Mwongozo huu unawalenga hasa wanaocheza RP ya mchezo wa GTA V kupitia FiveM, programu inayokuingiza kwenye seva za watu binafsi, maana wengi wanaoanza huanzia huko. Ukicheza RP ya maandishi kwenye Discord, au kwenye seva za RP za World of Warcraft, hatua ya 3, 4 na 8 zinakufaa vilevile, na kuna sehemu yako karibu na mwisho.

Maneno machache tu kwanza. Mchezaji ni wewe uliyekaa mbele ya skrini. Mhusika ni yule anayetembea Los Santos, mji wa ndani ya GTA V. Mambo yaliyo ndani ya uhusika huandikwa IC (in character), yaliyo nje huandikwa OOC (out of character). Metagemingi ni mhusika kutumia habari ambayo hakuipata ndani ya mchezo. Habari ya namna hiyo hapa tutaiita habari ya kuoteshwa, kwa sababu mhusika akibanwa aseme ameipata wapi, hana jibu jingine ila kwamba ameota.

Metagemingi inauma kwa sababu moja. Watu wanne wanaweza kutumia saa mbili kupanga tukio: wamechunguza zamu, wamekodi gari, wamegawana kazi, wameficha nguo za kubadilisha. Ukitokea mlangoni kwa habari ya kuoteshwa, saa zote hizo zimekwenda na maji, na hawana namna ya kujitetea ndani ya mchezo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Sheria za seva yako, zikiwa wazi pembeni. Tafuta humo mambo matano: metagemingi, maisha mapya baada ya kifo, barakoa na sauti, matangazo ya mubashara, na mhusika wa pili. Seva hutofautiana sana kwenye haya matano. Pale mwongozo huu unapogongana na sheria za seva yako, fuata za seva.

Daftari la kawaida, au faili moja kwenye kompyuta. Daftari la karatasi ni bora, kwa kuwa unaandika bila kutoka kwenye mchezo.

Vifaa vya masikioni vyenye maiki, na mchezo uwe umewekwa kwenye kubonyeza kitufe ndipo usikike. Kwenye GTA V kitufe hicho huwa ni N, ila seva nyingi zinakuruhusu kukibadilisha.

Programu ya kurekodi skrini. OBS Studio ni ya bure na ina kipengele cha kuhifadhi dakika za mwisho tu. Kiweke kati ya sekunde 120 na 300. Kitakuokoa siku utakaposhutumiwa.

Muda wa kama dakika ishirini kwa maandalizi ya mara ya kwanza. Baada ya hapo ni dakika tatu kwa kila kikao.

Hatua ya 1. Andika asichokijua

Wengi huandika historia ndefu ya mhusika: alizaliwa wapi, alidhulumiwa na nani, anataka kisasi gani. Iandike, lakini haitakusaidia kwenye tatizo hili. Chukua ukurasa mmoja, andika mambo kumi anayoyajua na mambo kumi asiyoyajua. Orodha ya pili ndiyo yenye kazi.

Tuchukue mfano ambao tutakwenda nao mpaka mwisho. Zuberi ni fundi wa magari, kashuka leo kutoka Paleto Bay, hajawahi kuishi mjini. Wewe unayemchezesha umeijua ramani ya Los Santos kwa miaka. Basi Zuberi hajui mahandaki ya treni chini ya mji yanatokea wapi. Hajui njia ya mkato ya kutoka Legion Square mpaka bandarini. Hajui dawa za kulevya zinauzwa pembe ipi. Hajui namba za lugha ya redio ya polisi zina maana gani.

Kuna fungu moja ambalo wanaoanza hulisahau kabisa, nalo ni mitambo ya seva. Kengele ya duka inawafikia polisi baada ya sekunde ngapi, kufuli inahitaji majaribio mangapi, benki inafunguka kwa wizi wakiwepo askari wangapi zamuni. Seva nyingi huweka idadi ya chini ya askari kabla benki haijaweza kuibiwa. Mwizi anayesema, "Twendeni, askari wameshafika wanne," ameoteshwa, hata kama hakuna mtu aliyempa habari. Hakuna jambazi anayesubiri askari waongezeke ndipo akaibe.

Hatua ya 2. Ziba mianya

Anza na Discord. Toka kwenye chumba cha sauti cha marafiki mnaocheza seva moja, na utoke kabisa. Kujizima maiki hakutoshi, kwa sababu bado unasikia. Mkitaka kuwasiliana mkiwa mchezoni, tumieni redio na simu za ndani ya mchezo. Hizo ni njia halali, na zina uzuri wake: redio inaweza kuibwa, simu inaweza kuchukuliwa na polisi, na hapo mchezo unanoga.

Zima arifa za makundi ya WhatsApp ya genge lako kwa muda wote wa kikao, na simu uilaze kifudifudi. Ujumbe wa maneno sita ukipita juu ya skrini, umeshausoma kabla hujaamua kutousoma.

Mkicheza watu wawili chumba kimoja, au kwenye kibanda cha kompyuta, kaeni ili skrini zisionane na kila mmoja avae vifaa vya masikioni. Mwenzako akicheka au akipiga kelele, mhusika wako hakusikia kitu.

Usifungue orodha ya wachezaji kuangalia nani yuko mtandaoni. Ukishaona kuwa mkuu wa polisi hayupo, utakuwa jasiri bila kujijua.

Kuhusu matangazo ya mubashara: usitazame ya mtu aliye kwenye seva mnayocheza wote kwa wakati huo. Kumpigia chabo mwenzako kwenye matangazo yake ni kosa ambalo seva nyingi humfungia mtu moja kwa moja bila onyo. Kama wewe ndiye unayerusha, nenda kwenye mipangilio ya juu ya OBS, tafuta ucheleweshaji wa matangazo, uweke sekunde 120 au zaidi. Utalipia kidogo, maana mazungumzo yako na watazamaji yatapishana, lakini anayekupigia chabo atakuona ulipokuwa, si ulipo. Weka pia mtu wa kufuta maoni ya watazamaji wanaokuambia nani yuko nyuma ya mlango.

Hatua ya 3. Fungua daftari la kurasa mbili

Ukurasa wa kushoto uuite "Anajua". Chora safu nne: habari, njia, lini na wapi, uhakika. Mstari mmoja wa Zuberi unaweza kusomeka hivi: gari nyeusi aina ya Sultan inabeba dawa za kulevya kule Grapeseed / kaambiwa na dereva wa lori / Jumanne, gereji / tetesi.

Ukurasa wa kulia uuite "Najua mimi tu". Humo weka kila kilichokufikia nje ya mchezo: mwenye ile Sultan ni rafiki yako wa Discord, ghala liko nyuma ya kanisa, wiki ijayo kuna uvamizi. Kukiandika kunakisaidia kikae mahali pake. Kitu ambacho hujakiandika popote huzurura kichwani, na baada ya siku tatu hukumbuki tena ulikisikia wapi.

Sheria ya daftari ni moja. Hakuna kitu kinachovuka kutoka kulia kwenda kushoto mpaka safu ya "njia" iwe na jibu la ndani ya mchezo.

Safu ya "uhakika" ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayomtofautisha mchezaji mzuri na mchezaji wa kawaida. Wanaoanza hudhani mhusika ama anajua ama hajui. Binadamu hawako hivyo. Zuberi kasikia tetesi, na mtu mwenye tetesi hamvamii mwenye Sultan na kumwambia "nakujua wewe". Ataitazama gari ikipita. Atamuuliza jirani kwa kuzungukazunguka. Anaweza kukosea gari. Mpe mhusika wako haki ya kukosea. Kosa lake litazaa matukio mengi kuliko ukweli uliookota wewe Discord.

Andika dakika mbili baada ya kila kikao, soma dakika moja kabla ya kuingia.

Hatua ya 4. Jiulize: amejuaje?

Kabla ya kutenda, jiulize swali hilo. Majibu halali ni manne: ameona, amesikia, ameambiwa na mhusika mwingine, au amesoma kwenye kitu kilichomo mchezoni kama simu, tangazo au gazeti la mjini. Jibu likikosekana, ameoteshwa. Acha.

Swali linachukua sekunde tatu. Lifanye mazoea katika nyakati nne: kabla ya kumtaja mtu jina, kabla ya kukata usukani, kabla ya kutoa silaha, na kabla ya kupiga simu polisi.

Ameona kwa macho yake, si kwa kamera. Hapa wengi huteleza. Kamera ya GTA V ikiwa nyuma ya mhusika inachungulia kona na kuvuka ukuta wakati yeye mwenyewe ameuegemea na haoni kitu. Ukimwona askari kupitia kamera ya namna hiyo, ni wewe uliyemwona. Zuberi atamwona atakapotoa kichwa. Alama za kwenye ramani ndogo nazo ni hivyohivyo.

Kusikia kuna mtego wake. Seva nyingi zina viwango vitatu vya sauti, yaani kunong'ona, kusema kawaida na kupaza sauti, na vyote hufifia kwa umbali. Lakini mara nyingi sauti hupenya ukuta kana kwamba ukuta haupo. Watu wakizungumza kawaida ndani ya nyumba ya zege iliyofungwa na wewe uko nje, chukulia kuwa mhusika amesikia mvumo wa sauti bila maneno.

Hatua ya 5. Majina, sura na sauti

Malalamiko mengi ya metagemingi yanaanzia kwenye jina, na mwenye kosa mara nyingi hakukusudia.

Namba au jina linaloelea juu ya kichwa cha mtu ni kwa ajili ya wasimamizi na malalamiko. Kama seva inaruhusu kulizima, lizime. Jina la mtu linajulikana akijitambulisha, akitambulishwa, akionyesha kitambulisho, au likiandikwa kwenye sare yake. Kabla ya hapo mwite kama unavyomwita usiyemjua mtaani: bosi, dada, kaka, mzee, yule wa koti jekundu.

Sura inakumbukwa kwa kukutana. Kukutana mara moja kwa dakika mbili kwenye kituo cha mafuta hakutoshi kumtambua mtu baada ya wiki tatu akiwa amebadili nywele. Kukaa naye meza moja saa nzima kunatosha.

Barakoa na sauti ndiko penye ugomvi mkubwa. Wewe unaijua sauti ya mchezaji mwenzako hata akiwa amejifunika uso mzima. Seva nyingi zinakataza kumtambua mtu kwa sauti peke yake, nyingine zinaruhusu kwa watu wa karibu kama mke au mdogo wako. Soma sheria zako. Zikinyamaza, tumia kipimo hiki: sauti inampa mhusika shaka, haimpi uhakika. Anaweza kuandika daftarini "sauti kama ya yule wa gereji / amesikia / shaka". Hawezi kwenda mahakamani nayo.

Hatua ya 6. Tumia /me na /do bila kumwaga siri

Amri ya /me inaonyesha tendo la mhusika. Amri ya /do inaeleza hali inayoonekana au inayoulizwa. Zote mbili zinasomwa na waliokuzunguka, kwa hiyo usiweke mawazo humo.

Kosa: /me anagundua kuwa jamaa anadanganya kuhusu ghala.

Sahihi: /me anakunja uso, anamtazama jamaa machoni bila kusema kitu.

La kwanza linamlazimisha mwenzako ajibu wazo ambalo mhusika wake halioni. La pili anaweza kulijibu.

/do ni njia nzuri ya kupata habari halali. Uliza: /do Je, mikono yake ina mafuta? Mwenzako akijibu: /do Ndiyo, mafuta mabichi hadi kwenye viwiko, basi Zuberi ameona. Ingiza daftarini. Anayejibu /do lazima aseme kweli, hata kama kweli inamchoma. Kudanganya ndani ya mazungumzo ni kazi ya mhusika. Kudanganya kwenye /do ni udanganyifu wa mchezaji.

Hatua ya 7. Kuzimia na kufa

Tofautisha mambo mawili. Ukiangushwa, kisha wahudumu wa hospitali wakakuinua, kwa kawaida unakumbuka mpaka pale ulipozimia, wala husikii yaliyosemwa ukiwa umezimia, ingawa wewe mchezaji uliyasikia yote. Ukifa na kuanza upya hospitalini, seva zenye sheria ya maisha mapya hufuta tukio zima lililokuua: nani, wapi, kwa nini. Nyingi pia zinakataza kurudi mahali pale kwa muda, mara nyingi dakika 15 au 30. Weka saa ya simu. Kwenye daftari kata mistari ya tukio hilo ukurasa wa kushoto, uihamishie kulia.

Hatua ya 8. Habari ya kuoteshwa ikishaingia

Itaingia tu, hata ujizibe vipi. Kazi yako ni kucheza kwa haki ukiwa nayo kichwani.

Zuberi anapeleka injini Sandy Shores kwa barabara ya Route 68. Ujumbe unapita juu ya simu yako: "Usipite 68, jamaa wametega." Sasa fanya hivi.

Rudi nyuma dakika tano. Zuberi alikuwa anakwenda wapi, kwa njia ipi, kwa mwendo gani, kwa haraka gani? Andika jibu kwa maneno matatu kama una nafasi. Huo ndio mpango wake, na mpango haubadiliki mpaka kitu cha ndani ya mchezo kiubadilishe.

Endesha vilevile. Usikate kona kwenda barabara nyingine, na pia usisimame ghafla kununua soda, usipigie simu mteja uliyekuwa humkumbuki, usipunguze mwendo. Kujichelewesha ni kukwepa kwa jina jingine, na wasimamizi wanaotazama rekodi wanaliona mara moja.

Usizidishe upande wa pili pia. Wapo wanaoogopa kushutumiwa mpaka wanajipeleka mtegoni mikono juu, ingawa mhusika wao ni mtu mwangalifu. Nako ni kutumia habari ya nje, ila kwa kinyume. Zuberi akifika akaona magari mawili yamekaa mkingamo barabarani na watu wanne wamesimama bila kazi, macho yake yamemwambia. Kuanzia hapo yuko huru: ageuze, apige honi, asimame, akimbie, kulingana na alivyo.

Kama kweli njia mbili zilikuwa sawa kwake na hukuwa umeamua, tupa dadu. Taja kwanza: 1 hadi 3 ni Route 68, 4 hadi 6 ni barabara ya kaskazini. Kisha tupa, na utii. Seva nyingi zina amri ya dadu, vinginevyo tumia ya mezani. Pasipo na dadu, chagua njia isiyokunufaisha.

Habari ikiwa kubwa kiasi cha kuharibu tukio la watu wengi, mwandikie msimamizi: "Nimepata habari nje ya mchezo kuhusu tukio la leo. Naendelea kama sijui." Sentensi mbili zinatosha. Usimtaje aliyekuambia mbele ya watu. Kamweleze faraghani asirudie.

Hatua ya 9. Ijengee njia halali

Kitu kilichoko ukurasa wa kulia kinaweza kuhamia kushoto, ila Zuberi akitafute kwa miguu yake. Anzia kwenye kitu alichonacho tayari. Ana tetesi ya Sultan nyeusi, basi ana sababu ya kumdadisi dereva wa lori, kuitazama gari ikiletwa gereji, kuuliza vipuri vinapelekwa wapi.

Jihadhari na swali la kuelekeza. "Una ghala nyuma ya kanisa Grapeseed?" bila chochote nyuma yake ni metagemingi iliyowekewa alama ya kuuliza. Pima hivi: je, Zuberi angeuliza swali hili kama wewe usingejua jibu? Kama hapana, usiulize.

Na ukubali kuwa huenda asijue kamwe.

Hatua ya 10. Mhusika wa pili

Wahusika wako wawili hawajuani. Wasipeane fedha, gari wala siri, na asiwepo mmoja anayelipa kisasi cha mwenzake. Kila mmoja awe na daftari lake. Unapobadili, funga la kwanza, pumzika dakika kumi, soma la pili. Ni busara wasiwe pande mbili za ugomvi mmoja: polisi anayelichunguza genge na mwanachama wa genge hilo hawawezi kukaa salama kwenye kichwa kimoja.

Mhusika anapojua usichokijua

Hili huulizwa kidogo lakini linasumbua. Mhusika wako ni daktari, wewe hujui mshipa uko wapi. Hapa kuuliza nje ya uhusika kunaruhusiwa na ni heshima. Andika kwa mabano mawili, (( kidonda kirefu kiasi gani, damu inatoka kwa kasi? )), kisha rudi ndani. Jifunze taratibu tatu nne za kazi yake kabla ya zamu. Na kama wewe ni muuguzi kwenye maisha yako halisi, Zuberi bado ni fundi. Anajua kufunga kitambaa juu ya damu na kuita gari la wagonjwa.

Kwa wanaocheza kwa maandishi

Kwenye RP ya maandishi unasoma kila kitu, mpaka mawazo ya mhusika wa mwenzako. Kabla ya kujibu, nakili aya yake mahali pembeni, ufute kila kisichoonekana wala kusikika. Kwa mfano, mwenzako ameandika:

"Neema alicheka. Moyoni alikuwa amechoka na uongo wa Zuberi, na barua aliyoificha mkobani ilikuwa nzito kama jiwe. 'Karibu chai,' alisema, akiusogeza mkobawe chini ya meza kwa mguu."

Ukifuta, kinabaki: Neema alicheka. "Karibu chai," alisema, akiusogeza mkobawe chini ya meza kwa mguu.

Jibu hicho tu. Zuberi anaweza kuushangaa mkoba. Hawezi kuuliza kuhusu barua, wala kuomba radhi kwa uongo ambao hajui umegunduliwa.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Nimemwita mtu kwa jina nisilopaswa kulijua.* Sema haraka kwa mabano, (( samahani, futa hilo jina )), kisha endelea kana kwamba hukusema. Usitunge uongo wa "niliambiwa na mtu", maana unaziba kosa dogo kwa kubwa.

*Maiki ilikuwa wazi, sauti ya nyumbani ikaingia mchezoni.* Mama aliyekuita ule chakula hayupo Los Santos, na waliosikia wanapaswa kupuuza. Kagua kitufe chako kabla ya kuendelea.

*Mtandao umekatika katikati ya tukio.* Usichukue nafasi ya kuwaza upya. Rudi, wajulishe wenzako kwa OOC, simama ulipokuwa, endelea na uamuzi uliokuwa nao kabla ya kukatika.

*Mwingine ananifanyia metagemingi.* Usitoke kwenye uhusika na usibishane hapo. Maliza tukio, hata kwa kushindwa. Hifadhi klipu, andika saa na mahali, kisha fungua lalamiko. Eleza habari gani ilitumika na kwa nini mhusika wake hakuwa na njia ya kuipata. "Ni tapeli" si maelezo, na mara nyingine utakuta alikuwa na njia usiyoijua.

*Nimeshutumiwa na sina kosa.* Hapa daftari linalipa. Taja mstari: habari, njia, siku, mahali. Ambatanisha klipu. Jibu ulichoulizwa, uishie hapo.

*Nimeshutumiwa na nina kosa.* Kiri, na ujitolee kulifuta tukio au kurudisha ulichopata. Msimamizi aliyekwisha kuona rekodi hana haja ya historia ya mhusika wako.

*Hasira za mchezoni zinanifuata nje.* Mtu aliyemuuza mhusika wako kwa polisi hajakuuza wewe. Baada ya tukio zito ondoka kwenye skrini dakika kumi, kisha mwandikie mchezaji huyo nje ya uhusika neno moja la shukrani kwa tukio. Ikishindikana, omba zamu ya siku tatu mbali na genge lake, kwa sababu mwenye hasira ya kweli hupekua habari za nje hata bila kukusudia.

*Genge langu lote linatumia chumba cha Discord, nikitoka naachwa nyuma.* Waombe wajaribu redio ya ndani kwa vikao viwili tu, mkiwa na zamu ya kusikiliza na neno la siri la dharura. Wakikataa, baki kwenye redio peke yako, wakuite huko wanapokuhitaji. Na kila mtakapoelekea tukio, mwambie kiongozi mapema kuwa usichoambiwa redioni hutakifanyia kazi.